Nani Aliyezigusa Kalamu

Kalamu ya mti ikikataa kung'aa, kila aliyekuwa karibu nayo anageuka mtuhumiwa. Nilijifunza hivyo Chapwa, pembezoni mwa Tunduma, ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba ya fundi mmoja aliyekuwa akikereza kalamu kwa miti ya mibuni iliyozeeka.

Sikwenda pale kutafuta kazi. Nilikuwa napita tu. Sehemu kubwa ya maisha yangu imekuwa ya kupita. Shule niliiacha darasa la sita, kule Kamsamba, nikachunga ng'ombe wa watu, nikapalilia mpunga, kisha siku moja nikapanda lori la mchele ili nione linaishia wapi. Liliishia Tunduma. Tangu hapo nimebeba mizigo, nimeziba pancha, nimechanganya zege, nimesaidia mpiga picha wa harusi. Hakuna kazi iliyonifukuza. Mimi ndiye niliyeziacha, kila nilipoelewa zinavyofanyika. Nikishaelewa, miguu huanza kuwasha.

Kalamu yenyewe niliiona kwa dereva wa Kizambia aliyekuwa kwenye foleni ya malori. Ilikuwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati lake na iling'aa kama imetoka majini sasa hivi. Nilidhani ni kioo cha rangi ya chai. Nikamwomba niishike. Akanipa, lakini akanikamata mkono wa pili, kwa sababu Tunduma ni Tunduma.

"Ni mti," akasema.

Nikaisogeza karibu na macho. Niliona nyuzi za mti chini ya ule mng'ao, kama samaki chini ya maji matulivu. Ukucha haukukwama popote. Nikataka kuionja kwa ulimi.

"Awe, mune!" akapiga kelele, kwa Kibemba chake, yaani hapana, ndugu. "Usilambe kalamu yangu!"

Akanielekeza ilikotoka. Jioni ile ile nilikuwa Chapwa, nimesimama mlangoni pa banda, namuuliza mtu nisiyemjua kwa nini mti wake unafanana na maji.

Fundi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kukutazama mikono kabla ya uso. Aliitazama yangu muda mrefu. Kisha akanipa kipande cha msasa na akasema, "Haya, mtalii. Anza kusugua." Hilo ndilo jina alilonibandika, mtalii, kwa sababu nilimwambia nimetembea.

Miti yake ilitoka Hasamba, Mbozi, nyumbani kwa wakwe zake. Kule mibuni ikichoka kuzaa hukatwa ili shina lichipue upya, na magogo yanayobaki ni kuni. Yeye aliyaomba hayo magogo. Wakweze walimpa, lakini walicheka, na kicheko hicho kilifika mpaka Tunduma. Binti yao aliolewa na mwanamume anayechezea kuni zao, walisema. Wakwe zao wengine, waume wa mabinti wenzake, walikuwa na mashamba. Huyu alikuwa na vijiti.

Kazi ilikuwa hivi. Kipande cha mbuni kinatobolewa katikati na kutiwa bomba dogo la shaba. Kinafungwa kwenye mashine, ambayo fundi aliiunda mwenyewe kwa mota ya cherehani, kisha kinazunguka huku patasi ikikila mpaka kinakuwa chembamba kama kidole. Halafu inakuja misasa. Mkali kwanza, laini baadaye, na mwisho ule wa wapaka rangi wa magari, ambao ukiupitisha shavuni unadhani ni karatasi ya kawaida. Mpaka hapo aliniruhusu, na baada ya muda aliniachia kabisa. Kalamu zikitoka kwangu zilikuwa laini kama kope, ila zilikuwa zimefunikwa na unga wa msasa, nyeupe, zimepauka.

Usiku zililala kwenye sinia ndani ya nyumba, sebuleni, kwa sababu vumbi la malori bandani halina adabu. Asubuhi zilirudi bandani, na hapo ndipo yeye alipozitia mng'ao. Na hapo ndipo mimi nilipotumwa.

"Mtalii, nenda kaniangalizie kama duka la pale juu limefunguliwa."

"Mtalii, kanichotee maji."

Mara moja alinituma niende kwa jirani kuuliza kama umeme umerudi, huku mashine inazunguka mbele yetu. Nilisimama nikaitazama mashine. Naye akaitazama. "Nenda," akasema.

Nilikwenda, lakini nilikuwa nahesabu harufu. Nilijua ni supaglu, kwa sababu vichupa vitupu niliviokota jaani. Nilijua kuna maji, na kuna ile dawa ya wapaka rangi ya kung'arishia bodi za magari. Nisichojua ni mkono. Supaglu nilishaitumia kuunga viatu, najua inavyoshika kidole, inavyokauka kwa mabonde na vilima. Mtu anafanyaje mpaka inalala sawasawa juu ya kijiti kinachozunguka? Nilijaribu kichupa kimoja kwa siri kwenye mpini wa jembe. Ulitoka kama mguu wenye kovu la moto.

Nilianza kumshuku kwamba hatanionyesha kamwe, kwamba atanitumia kusugua mpaka nizeeke. Naye alinishuku kwamba nikishaona nitavuka mpaka, nifungue banda langu Nakonde na kuwauzia madereva wale wale. Tulikuwa tukitazamana kama wanunuzi wawili wa mbuzi mmoja.

Ndipo ilipokuja kazi kubwa. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi kilitarajia wageni, wanunuzi kutoka mbali, na mwenyekiti alitaka kila mgeni apewe kalamu iliyotokana na mbuni wenyewe. Fundi hakulala vizuri kwa furaha. Nilijua sababu. Wakweze walikuwa wanachama wa chama kile kile. Siku ya wageni wangezishika kuni zao zimegeuka kitu cha kupewa mzungu kwa mikono miwili.

"Hii ikiisha salama," akaniambia, "nitakuonyesha ile kazi ya asubuhi."

Sijawahi kusugua kwa bidii kama wiki ile.

Wiki hiyo hiyo mke wa fundi alijifungua, na mama wa huyo mke akaja kutoka Hasamba kumlea. Aliteremka na mfuko wa unga, kuku wawili na begi la plastiki lenye dawa na mafuta ya kichanga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, asiyependa kuona kitu kimelala bila sababu. Tangu alipoingia, nyumba ikabadilika. Kwa desturi yao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, na fundi aliishika kweli kweli. Kabla ya kuingia ndani mwake alikohoa kwenye mlango wa nyuma, akangoja. Akisikia kimya, anaingia. Akisikia kandambili, anarudi bandani. Chakula akaletewa bandani. Yule mama naye, akitaka kutoka uani, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ili mkwe wake ageuke.

Sebule ikawa yake na mzazi na kichanga. Kwa hiyo sinia la kalamu nililibeba mimi. Jioni nililiingiza, asubuhi nililitoa. Nilijiona nimepanda cheo.

Fungu la kwanza la kalamu za chama lilikwenda ndani salama na likatoka salama. Fundi akanituma maji. Niliporudi na ndoo nilimkuta amekaa chini. Mashine imezimwa. Mkononi ana kalamu, na juu ya kalamu kuna ukungu. Nyeupe, mabaka mabaka, kama mtoto wa jicho. Akaweka ukucha pembeni, ule mng'ao ukabanduka kama ganda la kitunguu.

Zilikuwa zote hivyo.

"Supaglu uliinunua wapi?" akaniuliza. Hakuniita mtalii.

"Nakonde. Duka lile lile ulilonituma."

"Lile lile?"

"Lile lile, fundi."

Akanirundikia mkononi vichupa vilivyobaki.  Mchana nilivuka na vichupa mfukoni mpaka kwa muuza duka, mama wa Kibemba mwenye mizani ya dagaa upande mmoja na vifaa vya ujenzi upande wa pili. Nikamwambia supaglu yake ni feki.

"Feki?" akasema. "Wewe ndiye feki. Lete hapa." Akachukua kipande cha chupa, akadondosha tone, akapuliza. Tulisubiri. Lilikauka likawa angavu kama chozi. Akaninyooshea kile kipande usoni. "Nenda kawaambie watu wa Tunduma waoshe mikono."

Nilicheka njia nzima, kumbe ilikuwa ndiyo kweli yenyewe, ila si mikono niliyokuwa nikiifikiria.

Fundi alikwangua zile kalamu zote, tukazirudisha kwenye msasa, zikawa nyembamba zaidi, zikalala tena sebuleni. Asubuhi ukungu ukarudi. Safari hii mwenyekiti wa chama alikuwa amekuja kuangalia. Alikuwa na koti lililombana mabegani na sauti ya mtu aliyezoea mkutano. Akaishika kalamu moja, akaigeuza.

"Fundi, hizi ni kalamu au mbuzi wa madoa?"

"Kuna mkono, mwenyekiti," fundi akasema. "Si kazi yangu hii. Kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?"

Fundi akageuka. Akanitazama mikono. Mwenyekiti naye akanitazama mikono. Nikajikuta nimeificha nyuma, jambo ambalo mtu asiye na kosa hafanyi.

Mwenyekiti alipoondoka, fundi akaniambia nigeuze mifuko. Niligeuza. Kulikuwa na uzi, kipande cha muwa na kichupa kitupu cha supaglu, kile nilichookota jaani. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki cha nini?"

"Nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Kila kitu," nikasema, na hata masikioni mwangu lilikuwa jibu la mwizi.

"Tutatengeneza fungu jingine," akasema. "Likitoka na ukungu, chukua begi lako. Na huku nyuma usirudi."

Kuondoka kwenyewe si tatizo kwangu, nimeondoka sehemu nyingi. Lakini sikuwahi kuondoka kabla ya kuelewa. Nilijua nikifukuzwa vile, kwa maisha yangu yote nitakuwa naona vitu vinavyong'aa na kuchukia.

Nikaanza upelelezi. Jioni ile, kalamu mbili nilizificha. Sikuziingiza ndani na zile nyingine. Niliziweka bandani, juu ya tofali, nikazifunikia ndoo, na ukingo wa ndoo nikauzungushia tambara lenye maji ili vumbi lisipenye. Asubuhi nikazichanganya na zile za kwenye sinia, lakini nilizitia alama ndogo ndani ya bomba kwa msumari. Kisha nikatumwa kuangalia duka.

Niliporudi, fundi alikuwa anaanza kutukana taratibu, kwa Kinyiha, lugha anayoitumia anapoongea na vitu. Nikachungulia. Madoa, madoa, madoa. Na katikati yake mbili safi, zimelowa mwanga. Nikazigeuza nikatazama ndani. Zilikuwa zangu.

Basi jambo linafanyika ndani ya nyumba. Sikusema. Ningesema, angeuliza kwa nini nilitenga kalamu mbili, na jibu lolote lingekuwa baya. Nikamwomba anipe fungu moja la mwisho. Alinitazama muda mrefu, akasema, "La mwisho."

Nilimshuku mke wake. Sina haja ya kujitetea, ndivyo nilivyofikiri. Nilidhani amechoka na kalamu, anataka mumewe arudi kuuza saruji kama zamani. Nilimtazama kila aliponipa chai.

"Shemeji," akaniambia, "mbona unaniangalia kama nimekuibia baiskeli?"

"Hapana, shemeji. Naangalia ukuta."

"Ukuta uko nyuma yako."

Jumapili, kila mwenye miguu alikwenda kanisani. Fundi alitangulia na mtoto wao mkubwa. Mimi nilisema tumbo linauma. Nilikaa uani chini ya dirisha la sebule, nikijifanya nachambua mchele, huku sikio langu liko ndani. Mke wa fundi alikuwa amelala na kichanga chumba cha pili. Yule mama alikuwa peke yake sebuleni, anaimba kidogo kidogo.

Nikainuka nikachungulia.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sinia liko mapajani. Pembeni mwake chupa ya mafuta ya mtoto. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja, akachukua kalamu moja, akaipaka. Aliipaka kwa utaratibu, huku na huku, akaimalizia pembeni kwa kidole gumba jinsi mtu anavyomaliza masikio ya mtoto. Akaifuta kwa pindo la kitenge. Akaiweka. Akachukua nyingine.

Sijui nilipiga kelele gani. Akanyanyua uso.

"Ingia, mwanangu. Tumbo limepona?"

Nikaingia. Nilitazama sinia. Kalamu zilizopakwa zilikuwa zimekunywa yale mafuta na kurudi kuwa kavu, hujui kitu, lakini supaglu haishiki kwenye mti uliokunywa mafuta. Zile ambazo zilikuwa bado, zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona zilivyopauka?" akasema, na akaniinulia moja kama ushahidi. "Mtoto gani anapelekwa mbele ya wageni amepauka hivi? Watasema hana mama. Kila usiku mnazileta hivi hivi, nyeupe magoti yote. Nikasema, wanaume, watajua nini."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu nilipoziona." Akaendelea kupaka. Kisha akashusha sauti, akaangalia mlango wa nyuma, ambako mkwe wake angekohoa kama angekuwepo. "Nyumbani tulimcheka. Mimi pia nilimcheka. Sasa siwezi kumwita nikamwambia baba, kazi yako nimeiona. Mdomo wangu hauwezi kumfikia yule. Nikasema basi nimpakie tu. Ataziona asubuhi." Akanitazama. "Anaziona? Anasemaje?"

Nilikuwa na jibu zima mdomoni. Nilikuwa na jina langu la kusafisha, na asubuhi nyingi za kutumwa dukani bure. Nikaona vile viganja vinavyong'aa.

"Anaziangalia sana," nikasema.

Akafurahi. Ilikuwa kweli, lakini nilitoka mle nimechafuka.

Mchana nilimwambia mke wa fundi. Alicheka mpaka akashika tumbo la mzazi, akaomba nisimchekeshe, kisha ghafla akaacha.

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Mume wangu."

"Bado."

"Usimwambie." Alinishika mkono. "Akijua itabidi mtu aseme. Mama akijua ameharibu kazi ya mkwe, ataondoka leo hii hii kwa mguu. Atafika nyumbani na aibu hiyo, na baba atataka kujua amefanyiwa nini. Huwajui wazee wangu. Na mimi na huyu mchanga tutabaki na nani?"

"Na mimi je, shemeji? Mimi ndiye mkono wa mtu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, lakini ilikuwa huruma ya mtu anayekwambia mvua inakunyeshea. "Wewe mwanamume, shemeji. Unatembea."

Tukakubaliana kalamu zisilale tena sebuleni. Nilimwambia fundi kwamba afadhali ziwekwe ndani ya sanduku la bati bandani, na lifungwe kwa kufuli. Nilidhani nina akili. Kalamu zilizopakwa nilizifuta kwa thina mpaka tambara likaacha kuteleza, nikazisugua upya, nikampa. Akazifungia sandukuni, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Asubuhi zilitoka zote safi. Nilizipanga kwenye ubao wa dirishani zikawa kama mstari wa maji. Nilitaka kurukaruka. Fundi hakuruka. Alizitazama, akaushika ufunguo kifuani.

"Unaona?" akasema. "Tangu ufunguo uwe wangu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimeleta kufuli na kujifungia nje.

"Fundi, mimi sikuzigusa."

"Nani aliyekuwa anazibeba kuingia ndani?"

"Mimi."

"Nani aliyezitoa?"

"Mimi."

"Na ndani kuna nani?" akauliza. Kisha hakuningoja nijibu. Aliuliza swali lile akiwa ameliangalia bati la ukuta, na nikaona taya lake linasogea kama anatafuna kitu kigumu. "Ndani kuna mzazi na mtoto na mtu mzima wa kuheshimiwa," akajijibu mwenyewe, haraka. "Basi. Mwenyekiti nimeshamwambia ni kijana niliyemchukua njiani. Kesho asubuhi uende."

Nilimshuku tena, na safari hii sikujua nashuku nini hasa. Mafuta ya kichanga yana harufu. Baba wa kichanga anaijua. Alizikwangua zile kalamu kwa mikono yake, unga wake ukampanda puani. Mtu anayenusa supaglu ya duka na kujua imekaa dukani muda gani, hakunusa mafuta ya mtoto wake? Au alinusa, akaona hilo ni neno ambalo halina mdomo wa kulisema, akatafuta mtu anayetembea? Nilimkodolea macho. Uso wake haukutoa kitu.

Akawasha mashine. Nikainuka kwa mazoea, nikachukua ndoo.

"Weka ndoo chini," akasema. "Kaa hapo."

Nikakaa. Alikuwa amefunga kipande kimoja cha mbuni, kilichobaki nje ya hesabu ya chama. Hakunitazama. Alizungumza na mashine, kama ilivyo tabia yake, lakini kwa Kiswahili.

"Kwanza unaifuta na spiriti. Kila mara, hata kama unadhani ni safi. Usidhani." Akafuta. "Tishu unaikunja hivi, mara mbili, isiwe nene. Unaishika chini ya kalamu, siyo juu. Juu supaglu inadondoka, chini inavutwa." Matone mawili, matatu, juu ya mti unaozunguka, na tishu ikapita kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi moja, haikusimama. "Ukisimama inashika tishu. Ukirudi nyuma wakati haijakubali, inakunjana. Mara moja tu, halafu mkono utoke. Usiusifu. Usiuangalie. Toa mkono."

Nilielewa kovu la mpini wa jembe langu. Nilikuwa nimerudi nyuma. Nilikuwa nimeusifu.

Tabaka likakauka, akaweka jingine. Akaniambia ni mengi, membamba, si moja nene, na kwamba wavivu hugundulika hapo. Baadaye ni msasa wa maji, mpaka mng'ao wote unakufa na kalamu inakuwa ya kijivu, na hapo wengi huogopa na kuacha. "Lazima uuue kwanza," akasema. Halafu misasa laini zaidi na zaidi, na mwisho ile dawa ya magari kwenye kitambaa cha pamba. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika pumzi, nikitafuta mahali anaponidanganya. Sikupaona.

Alikuwa ametia matone ya tabaka la mwisho wakati wimbo wa kanisani ulipoanza mlangoni pa nyumba. Yule mama alikuwa anatoka na nepi za kuanika. Kamba ya nguo imepita mbele kabisa ya mlango wa banda.

Fundi akageukia ukuta papo hapo, kama alivyofanya kila siku. Mashine inazunguka. Supaglu mbichi iko juu ya mti, na supaglu haina mkwe. Akanyoosha mkono nyuma, na tishu imo.

"Shika."

Nikaishika. Chini, siyo juu. Kushoto kwenda kulia. Nikatoa mkono.

Nyuma yangu wimbo ulikuwa umesimama. Yule mama alikuwa pale kwenye kamba, nepi begani, anatazama mahali ambapo hakuwahi kutazama. Tulingoja pamoja, sote watatu, mmoja akiwa ameliangalia bati. Tabaka likatulia. Mwanga wa mlangoni ukajinyoosha juu ya kalamu kwa mstari mmoja usiokatika. Nikapitisha msasa wa maji, nikaua mng'ao kama nilivyoambiwa, nikaufufua, nikamalizia kwa kitambaa. Hakuna aliyeondoka.

"Imeng'aa?" fundi akauliza ukuta.

"Imeng'aa, fundi."



"Mwonyeshe," akasema.

Niliichomoa kwenye mashine nikaitoa nje. Yule mama akafuta mikono kwenye kitenge, mbele na nyuma, kabla ya kuipokea. Akaigeuza kwenye jua. Akapitisha kidole gumba pale pale pembeni, kwa namna ile niliyoiona Jumapili, na kidole kikateleza. Akakitazama kidole. Akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni mwangu, nilijaribu kuufunga.

"Hii haitaki mafuta tena," akasema, kwa sauti ya kutosha kufika bandani, akanirudishia.

Akarudi ndani bila kuanika zile nepi, na safari hii hakuimba. Fundi aliendelea kulitazama bati mpaka kandambili ziliposikika zimevuka kizingiti. Ndipo akageuka, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaipeleka mlangoni penye mwanga, na kuikagua pande zote, taratibu, kama mtu anayetafuta alama za vidole.